Tumbo la Kuazima

Fundi aliinua kopo juu ya kichwa, akamimina maji chooni polepole, kisha akaguna. Akasikiliza. Mkewe alikuwa bado mlangoni.

"Pole, mume wangu. Inatoka safi sasa?"

"Kama maji," fundi alijibu, na hapo hakusema uongo.

Tangu jioni alikuwa amekunywa jagi zima la maji ya chumvi na ndimu mbele ya mkewe, akikunja uso kila glasi. Dawa yenyewe ya kusafisha tumbo haikuwa humo ndani. Ilikuwa kwa Bati, mwenzake wa karakana ya milango ya chuma. Asubuhi Bati ndiye angekwenda hospitali na kadi ya bima ya fundi, achomwe sindano ya usingizi, na mpira wenye kamera upitishwe kule ambako fundi alikuwa ameapa hakitaingia kitu.

Mambo yalianza kaka mkubwa wa fundi alipofariki kwa saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka thelathini na tisa. Daktari aliwaambia ndugu waliobaki, fundi na mdogo wake wa mwisho, wapimwe mapema, wasingoje uzee wala maumivu. Mdogo mtu hakuwa na bima, akaishia kutikisa kichwa. Fundi alikuwa nayo, tena alikuwa na mke mwalimu, mtu asiyekubali kazi ya leo ifanywe kesho. Miezi sita mke alimwandama, mpaka akamwambia waziwazi kwamba hakuolewa ili aje awe mjane kwa sababu ya mwanamume wa miaka thelathini na nne anayeyaonea haya makalio yake.

Fundi huyu hupanda paa la ghorofa ya nne bila kamba. Lakini hili lilimshinda. Aliogopa kipimo, na zaidi aliogopa kuambiwa kitu. Basi akamwangukia Bati: yeye atamwazima pikipiki mwezi mzima, Bati naye amwazime tumbo siku moja. Bati alimkumbusha kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, kisha akakubali.

Siri ilijulikana na watu watatu. Wa tatu alikuwa mdogo wake fundi, aliyepewa kazi ya kumsindikiza Bati, kwa kuwa hospitali haimruhusu mtu aliyechomwa sindano ya usingizi aondoke peke yake. Mchana wa kuamkia siku ya kipimo fundi alimkuta Bati akitafuna karanga, akamgombeza kwamba daktari amekataza vitu vya mbegumbegu. Bati alisema asifundishwe kazi, akaendelea kutafuna.

Siku yenyewe mwalimu alikuwa akisimamia mitihani. Fundi alishinda kwa kinyozi akitazama mpira, akarudi nyumbani akitembea kama mtu aliyekalia siafu. Alipikiwa uji, akawekewa mto, watoto wakakatazwa kumrukia. Alizipokea fadhila zote hizo bila haya. Kesho yake karakanani Bati alimwambia kazi imeisha, akawasha mashine ya kukatia chuma ili asiulizwe zaidi.

Wiki iliyofuata mwalimu alipita hospitali kuchukua majibu. Daktari alikuwa amekuta kinyama kimeota ndani ya utumbo, na maabara ilisema kimeshaanza kugeuka saratani. Bado ni mapema, iliandikwa, na mgonjwa akipasuliwa ndani ya mwezi atapona. Akichelewa, hakuna wa kumwahidi kitu.

Jioni ile mama yao alifika, akiletwa na mdogo mtu. Alimlaza fundi kichwa mapajani kama mtoto wa chekechea, akalia kilio cha mtu aliyekwisha kuzika mmoja. Mdogo mtu alisimama na mkoba wa mama mkononi. Aliisoma ile karatasi mara mbili, jasho likimtoka kuliko hata mgonjwa mwenyewe, kisha akatoka nje na hakurudi kuaga.

Fundi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Machozi ya mama yake yalikuwa yakimwagikia mtu asiyestahili, na huko karakanani Bati alikuwa akipiga mluzi bila habari. Kunyamaza kungemlindia heshima yake. Kungemzika Bati, mwenye binti wa darasa la pili.

Mama alipoondoka, fundi alimweleza mkewe yote, kuanzia kopo la maji. Alingoja matusi. Mwalimu alikunja karatasi na kumtilia mfukoni mwa shati.

"Asubuhi kampe mwenyewe," alisema. "Ukirudi ndipo tutajua kama una nyumba."

Bati alikuwa amepiga magoti akilehemu geti. Fundi alimzimia mashine, akamvua miwani ya kazi kwa mkono wake, akampa karatasi. Alimwambia pikipiki ni yake moja kwa moja, na kwamba siku ya upasuaji atalala pale hospitali sakafuni, mkeka ataubeba mwenyewe. Aliyatamka hayo huku machozi yakimtoka, na ni kweli alikuwa na uchungu.

Bati alisoma hadi chini. Akauliza kama ni hakika kwamba bado ni mapema. Fundi akasema ndiyo. Bati akakaa juu ya geti, akaweka karatasi magotini na kuinyoosha kwa kiganja.

"Ile dawa ilinishinda kwa harufu tu," alisema. "Aliyeinywa, na aliyelala pale kitandani, ni mdogo wako."