Maziwa ya Mlangoni

Kila mchana, msimamizi Shekue aliwaletea maziwa akina mama waliokuwa wakiyeyusha risasi ya betri kuukuu. "Kunyweni, mama zangu. Maziwa hukata sumu," alisema, akiwa nje ya mlango kama kawaida yake, kitambaa puani.

Siku hiyo Mwantumu hakuipokea bilauri yake. Alikuwa akimtazama mwenzake, Nambua, ambaye kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelegea, kinaning'inia tu.

"Bwana Shekue, mbona wewe huingii humu ndani?"

"Nina kazi nyingi, dada."

"Basi leo ingia, ukae nasi hapa penye tanuru. Vua hicho kitambaa, unywe maziwa yangu."

Shekue alicheka, lakini hakuvuka kizingiti. Moshi ulipomwelekea, alirudi nyuma haraka.

Wote walimwona. Nambua alichukua bilauri kwa mkono wake mzima, akayamwaga maziwa sakafuni. Kisha wanawake wakatoka mmoja mmoja, wakampita bila kumsemesha, wakaenda kuketi juani.

Ndani, risasi iliendelea kuchemka, na aliyebaki wa kulizima tanuru alikuwa Shekue peke yake.