Sahani ya Nafula

Siku hizi hakuna sahani isiyowataja kwa sauti waliokihangaikia chakula. Desturi hiyo ilitoka kitabuni mwa Daktari Nelima, mwanafalsafa, aliyesema haki ya wanawake ianzie mezani. Mchana huo mama yake, Nafula, alikuwa amekuja kumtembelea na unga wa shambani kwake. Ugali ulipowekwa mezani, sahani ikasema, "Aliyepanda ni Nafula. Aliyepalilia, Nafula. Aliyepika, Nafula."

"Unasikia, Mama, unavyotambuliwa?" Nelima akauliza, machozi yakimlengalenga.

"Nasikia, mwanangu. Kula, kitapoa."

Walipomaliza, Nelima alirudi kwenye maandishi yake. Maji yakaanza kutiririka jikoni, na sahani ikaongeza, "Aliyeosha, Nafula."

Kalamu ikasita. Nelima akainuka, akaurudishia mlango wa jikoni taratibu, wazo lisije likamponyoka.