Godoro la Marehemu

Siku hizi bua au ganda la mahindi likikauka si lako tena, ni la mtaa. Hulowekwa kwenye magadi makali mpaka lilainike, linatiwa vimeng'enya, inatoka sukari ya sote.

Tukiwa tumejaa matangani kwa Tusekile, mkaguzi wa maganda wa mtaa akaingia, akachana godoro. Lilikuwa la maganda, aliyashindilia marehemu mumewe kwa mikono yake.

“Kaka, niachie upande aliolalia,” Tusekile akasema.

“Shoga, nyamaza. Utatukosesha sukari mtaa mzima,” jirani yake Sekela akamnong'oneza.

Tusekile akapisha. Godoro likaenda.

Kabla hatujaanua tanga, sukari ikaletwa, chai ikapikwa, soga zikarudi. Kikombe cha kwanza akapewa mfiwa.

“Imekolea?” Sekela akamuuliza.

Akanywa taratibu, akasema imekolea. Nasi tukasogeza vikombe vyetu.