Mume wa Kliniki

“Acha kumtazama hivyo! Utatuharibia,” Sabina alimnong'oneza yule kijana kwa ukali. “Mume gani anamwangalia mkewe utadhani wameonana leo?”

Benchi zima likacheka. Kijana akashusha macho, lakini mkono wake ulibaki mgongoni kwa binti aliyekuja naye.

Wanawake wa kliniki ile ya Mabatini walimjua vizuri. Alikuwa Nestory, wa kijiwe cha bodaboda cha pale getini. Mjamzito akija mara ya kwanza sharti aje na mwenza wake, wapimwe pamoja. Asipokuja naye anarudi nyumbani na maneno badala ya kadi. Basi wale ambao waume zao wako visiwani, au wamekimbia, au wanaogopa sindano, walikuwa wakitoka getini na kumwita Nestory, wakimlipa aingie nao kama mume. Wiki iliyopita tu alikuwa mume wa muuza dagaa mmoja, na maswali yote aliyajibu bila kukosea.

Sabina hakuwa na shida hiyo. Hii ilikuwa mimba yake ya tano, alishaandikishwa mwezi uliopita kwa sista mwingine, na mume wake halisi, Machibya, alikuwa amelala pale ukutani mdomo wazi. Alikuwa amefuata kivuli tu.

Aliyemhangaisha ni yule binti. Aliitwa Tereza, mimba ya kwanza, miezi sita. Juzi alikuja peke yake, akarudishwa. Leo macho yalikuwa mekundu.

“Hachezi, mama,” alimwambia Sabina kwa sauti ndogo. “Tangu jana asubuhi. Kimya kabisa.”

Sabina alishtuka, akajikaza asionekane. “Wa kwangu wa tatu alinyamaza hivyo hivyo siku nzima,” alisema. “Nikalia, nikasali, nikaapa kuacha umbea. Kumbe kalala! Kamrithi baba yake. Si huyo hapo anakoroma?”

Tereza akacheka kidogo, akapangusa kamasi kwa pembe ya kanga. “Na kuzaa kunauma?”

“Kunauma!” alidakia Mwanaheri, aliyekuwa ananyonyesha pembeni. “Utamtukana mumeo, utamtukana na aliyewakutanisha. Mimi nilimng'ata nesi. Sasa hivi tunasalimiana vizuri tu.”

“Na mwakani utarudi hapa hapa na tumbo lingine,” Sabina akamalizia. “Sisi hatuna akili, mwanangu.”

Nestory alikuwa amepiga magoti. Alimvua binti kandambili, akaanza kumkanda miguu iliyovimba.

“We!” Sabina alimfinya sikio. “Sista Hellen si mjinga. Mume wa kweli saa hizi yuko kwenye simu. Inuka, kaa mbali kidogo, piga miayo. Na ukiulizwa mkeo anapenda kula nini, sema hujui.”

“Anapenda udongo na maembe mabichi,” Nestory alisema.

“Ndiyo usiseme, sasa!”

Mlango ukafunguliwa. “Tereza na mwenza wake!”

Waliingia, na hawakukaa. Sauti ya sista ilisikika mpaka getini. “Wewe tena? Wiki iliyopita mume wa muuza dagaa, kabla yake mume wa mwalimu! Una harusi ngapi wewe?”

“Sista, haki ya Mungu, huyu ni mke wangu!”

“Ndivyo ulivyoapa na siku ile! Toka. Na wewe mama, kamlete mume wako, usinipotezee muda.”

Benchi lilicheka mpaka mtoto wa Mwanaheri akaachia ziwa. Tereza alitoka, akamkata Nestory jicho baya kweli. Sabina alilielewa jicho lile. Hakuna kinachouma kama kutapeliwa ukiwa kwenye shida.

Hakungoja. Alimtandika Machibya kofi la bega. “Baba Shija, amka! Umepata mke mwingine.”

“Eh?”

“Binti huyu hapa. Ingia naye, wakitaka damu wape, wakiuliza kitu guna. Na usijifanye unampenda.”

Tereza hakumtazama tena Nestory. “Twende, baba,” alisema.

Machibya alifuta mate, akamfuata nyuma huku anajikuna mgongo. Sista alimwangalia mara moja tu. “Haya, huyu ndiye mume,” alisema, akafunga mlango.

Sabina akakimbilia dirishani, tumbo mbele. Pazia lilikuwa fupi, na Nestory alishafika, kang'ang'ania nondo. Ndani, Tereza alikuwa amelala kitandani, kafumba macho. Sista alimpaka mafuta tumboni, akasogeza kile kimashine cha kusikilizia. Ikasikika mikwaruzo. Akakihamisha upande wa pili. Mikwaruzo tena.

Halafu ukaja, mbiombio, kama cherehani ya fundi aliyechelewesha nguo ya sikukuu.

“Moyo huo!” sista alisema, na ukali wote ulikuwa umemtoka. “Mzima kabisa. Baba, sogea, msikilize mwanao.”

Machibya aliinama bila haya yoyote, akatabasamu mpaka mapengo yakaonekana.

Sabina alipangusa machozi, akageuka amkumbatie yeyote aliye karibu. Alikuwepo Nestory tu, shavu kaligandamiza kwenye nondo, analia kwa kwikwi.

“Na wewe unalia nini? Kazi imeisha, rudi kijiweni, abiria wanakusubiri.”

“Wale walinikodi, mama,” Nestory alisema, macho bado yako ndani. “Huyu nilimwoa.”