Mtoto wa Kwenye Matete

Kitumbua kimoja kilikosekana. Mardhiya alivipika mwenyewe alfajiri, kila mtoto chake, na sasa bintiye Miska alikuwa amesimama kando ya ziwa mikono mitupu, midomo imeanza kumcheza.

"Nani kala viwili?" Mardhiya aliuliza.

Hakuna aliyekubali. Watoto wa mashemeji zake walikuwa wametapakaa majini, mmoja kapoteza kiatu, mwingine kamwagia nduguye juisi kichwani, wote wanapiga kelele kama kunguru. Mardhiya akaanza kuwanyooshea kidole mmoja mmoja.

"Usiwahisabu," alisema mama mkwe wake, Bi Afra, kutoka kwenye kiti chake cha kukunja. "Mtoto hahisabiwi mbele ya maji. Unataka kuyapa habari?"

Mardhiya akashusha kidole. Mwaka jana hakuhesabu mtu, na maji yalipata habari vilevile. Mwanawe Asad alizama katika ziwa hilihili, ng'ambo ya matete, watu wazima wakiwa wanageuza mishikaki. Mansour, mumewe, aliapa hatolitia tena mguu. Bi Afra ndiye aliyeshikilia warudi, maana aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na yeye hakutaka wajukuu wanaoshtuka kila wakiona bwawa.

"Yule mvulana kachukua changu," alisema Miska. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiswahili alikisikia tu.

"Mvulana gani?"

"Wa kwenye matete. Analia. Hana taulo."

Mwili ulimsisimka Mardhiya. Mtu aliyezaliwa Pemba haambiwi ni nini kinachokaa kando ya maji kwa sura ya mtoto. Alijua la kufanya: asome Ayatul Kursi, amshike bintiye mkono, ageuze mgongo. Badala yake alichukua taulo, akaenda kwenye matete.

Mvulana alikuwa amejikunyata humo ndani, kalowa chapachapa, midomo imegeuka buluu, kipande cha kitumbua mkononi. Hakukimbia. Mardhiya aliyaona masikio yaliyochomoza, akayaona yale mabega membamba.

"Asad," alimwita.

Mtoto hakuitika. Alimtazama kwa macho makubwa, kisha akanyoosha mikono abebwe.

Ukweli ni kwamba Mardhiya hakumwona mwanawe akizikwa. Kwao wanawake hawafuati jeneza. Wanaume walimtoa mlangoni kafunikwa shuka la kijani, wakarudi jioni na udongo viatuni, wakamwambia tayari, ashukuru Mungu. Alishukuru. Lakini tangu siku ile moyo ulikuwa ukimuuliza, wewe uliona nini hasa? Na yeye alichokiona ni mlango tu. Alikuwa hataki kingine duniani ila kumshika mwanawe mara moja tena, na aliogopa kumwambia mtu, wasije wakasema akili imemruka.

Alimfunika taulo gubigubi mpaka kichwani, akambeba begani. Alikuwa mzito kuliko alivyomkumbuka.

Rasharasha zilikuwa zimeanza, mvua ya London isiyojua kiangazi wala likizo. Shemeji yake Abdulwakil alikuwa akiwapakia watoto kwenye basi dogo la kukodi huku anagombana na mwavuli uliopinduka. Aliliona lile furushi la taulo.

"Kalala huyo? Mweke nyuma," alisema, akarudi kwenye mwavuli wake. Hakuna aliyehesabu, na Bi Afra alikuwa kaketi mbele pale kuhakikisha hilo.

Mardhiya alishushwa kwake Walthamstow na watoto wawili. Mansour alikuwa kazini, anahudumia wazee, asirudi mpaka asubuhi. Nje bado palikuwa na mwangaza. Alijaza maji ya moto bafuni, akamwogesha mtoto taratibu, kama anaosha kikombe chenye ufa. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka. Nguo za kulalia za Asad, alizokataa kuzitoa sadaka, zilimwishia juu ya vifundo vya miguu.

Kakua, Mardhiya alijiambia. Mwaka mzima umepita. Kumbe hata huko watoto hukua.

Alimlaza kwenye kitanda cha Asad, akamwekea kiganja kifuani. Moyo ulikuwa unapiga. Alilia kwa furaha, machozi yakamdondokea mtoto shavuni, naye akageukia ukutani.

Miska alikuwa amesimama mlangoni, hataki kuingia.

"Mama, anasema anataka kwenda kwao."

"Yuko kwao," alisema Mardhiya. "Nenda kalale."

Simu iliita. Alikuwa Abdulwakil.

"Shemeji, mama kasahau kiti chake, nimerudi ziwani kukichukua. Pamejaa polisi huku. Kuna mama mmoja wa Kisomali, walikuwa ule upande wa pili, mwanawe wa kiume kapotea tangu alasiri. Wapiga mbizi wako majini mpaka saa hizi. Yeye kaketi palepale ulipoketi wewe mwaka jana, kashika viatu vya mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndiyo maana nimekupigia wewe. Hukumwona?"

Mardhiya alimtazama mtoto. Alikuwa keshalala, kinywa wazi, pumzi zinakwenda na kurudi.

"Sikumwona," alisema, akaenda kuufunga mlango kwa ufunguo.