Kidole na Kuku

Nilinyoosha kidole kuelekea kuku aliyesimama kando ya babula, jiko letu la makaa, na Numbi akageuza kichwa, akamtazama.

Kalamu ilikuwa tayari juu ya daftari. Tangu Januari, kila asubuhi, nimekuwa nikimwonyesha binti yangu wa miaka minne vitu kumi. Kila mara hutazama kidole changu tu, hakitazami kitu chenyewe. Kurasa zote zimejaa sifuri.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Leo ilikuwa siku ya mwisho tuliyopatana. Mtoto akishindwa tena kufuata kidole, ataenda kukaa kwa bibi yake, mama wa baba yake, kijijini Kasomeno.

"Mama Numbi, aliangalia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimesikia vizuri: kuku alilia kwanza, ndipo Numbi akageuka.

"Kuku ililia mbele," nikasema. "Alisikia sauti. Haikukuwa kidole."

Mume wangu alilitazama daftari.

"Ungenidanganya tu," akasema polepole. "Ningekubali. Sasa mama nitamwambia nini? Iko anamungojea ku Kasomeno."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za mtoto.

Niliandika sifuri. Kisha nikamwonyesha Numbi ule mfuko, kwa kidole kilekile, bila kusema neno.

Hakuutazama. Alitazama kidole, akakishika kwa mkono wake wenye unga mkavu wa bukari, ugali wa jana. Baba yake alimwita mara mbili, na yeye hakukiachia.