Amri ya Kuvuka Mto

Rais Mwasenga alifika kambini akawakuta wanawake wa mji wa jirani wakitandika kanga zao chini ili Jenerali Shekiondo apite. Yeye Rais hakutandikiwa hata moja. Wawili hao walipoingia hemani, Rais alisema, "Kesho mtavuka mto mkamshambulie adui."

"Mheshimiwa, mto umefurika. Tukisubiri wiki moja, hatutapoteza mtu."

"Wiki nzima ya kushangiliwa wewe?"

Jenerali alimtazama usoni, akauona wivu waziwazi. Akavua kofia yake, akaiweka mezani. "Basi waamuru askari wewe mwenyewe."

Asubuhi Rais alisimama ukingoni, akanyoosha mkono. Askari walivua viatu, wakavining'iniza shingoni, wakaingia mtoni. Maji yakawafika kifuani, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama.